Minazi ya Wageni

Usiku ule nililala na hasira, hata chakula sikugusa. Asubuhi yake nilitakiwa barazani, hapa hapa kisiwani kwetu, kujibu swali moja: babu yangu aliwauzia Waingereza wa kwanza shamba letu la pwani, au hakuwauzia? Wanaotaka kujenga hoteli wanasema aliuza, maana minazi yote pale ilipandwa na Mwingereza. Mimi karatasi sina, na babu alikufa ningali na meno ya utoto.

Basi usingizini nikamwona babu. Amesimama ufukweni na msuli wake wa buluu kiunoni, na wazungu watatu wanashusha masanduku. Jua la saa nne limewachoma pua. Babu anawatandikia mkeka.

"Shikamoo, babu," nasema. "Usiwakaribishe hawa."

"Marahaba, mke wangu," ananijibu, kwa utani wake ule ule wa zamani. "Wageni wana kiu. Lete kisu."

Nikaleta kisu! Ndotoni mtu huna akili. Nilitaka kumwambia hawa hawaondoki, watajenga boma, watapandisha bendera, halafu watatuuliza sisi tunatafuta nini hapa. Lakini kinywa kimejaa mchanga, na mikono yangu inawafulia madafu. Nililia kwa ghadhabu.

Mara ufukwe haupo, tuko shambani. Mzungu mmoja mrefu anachimba shimo, jembe lenyewe hajui kulishika, na babu anamkabidhi mche wa mnazi. Nikamvuta babu msuli, sauti ikanitoka.

"Usimpe, babu! Atasema na ardhi ni yake!"

Akageuka, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ardhi? Nani kataja ardhi? Nimemruhusu apande, ale nazi zake. Ardhini wamelala mama zangu, nitampaje?"

Ndivyo ilivyo kwetu. Mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na mgeni hupewa ruhusa ya kupanda ili asilale njaa. Kila mtu kisiwani analijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumweleza yule Mwingereza. Naye alipoona mche wake umeota, akaandika shamba zima kuwa ni lake.

"Ungemwambia," nilisema. "Maneno mawili tu, babu! Yangekushinda nini?"

Aliinamia lile shimo. Sikuwahi kumwona ameaibika.

"Sikumwambia," alisema. "Kawaambie wewe."

Nikajikuta nimeketi kitandani, ngumi nimezikunja, nasema kwa sauti: "Tuliwapa kupanda! Hatukuwapa ardhi!" Mume wangu akaniomba niteremshe sauti, majirani wamelala na baraza halijafunguliwa.

Sikuiteremsha.