Kilomita za Magloire

Mvua ikianza kunyesha kati ya Kasongo na Kabambare, watu wenye akili hukimbilia kufunika mizigo yao. Zéphirin alifunika compteur kwanza. Bidoni, yale madumu ya mawese, zingeloa, yeye mwenyewe angeloa chapachapa, lakini ile kompyuta ndogo ya baiskeli, isiyozidi ukubwa wa kiberiti, ilivishwa mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira kabla mvua haijakolea. Wenzake wa njiani walimcheka. Walisema ameoa mke wa pili, tena mke asiyependa maji.

Hawakukosea sana. Zéphirin alikuwa mtu mrefu, mbishi, na karibu maisha yake yote ameyapitisha akisukuma baiskeli: mawese na mchele kwenda Kabambare, ndagala, yaani dagaa wakavu, kurudi Kasongo. Nasema kusukuma, maana baiskeli iliyojaa bidoni haipandwi. Hufungiwa mti kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti, na mwenyewe hutembea ubavuni pake kama anayemsindikiza mgonjwa.

Kazi hiyo hufanywa wawili wawili. Mkifika mlimani mnaegesha baiskeli moja chini, mnaisukuma nyingine pamoja mpaka juu, kisha mnashuka kuifuata ile iliyobaki. Kwa miaka mingi mwenzake Zéphirin alikuwa Magloire, mtu mfupi, mcheshi, asiyejua kunyamaza. Compteur ilikuwa yake; mdogo wake alimtumia kutoka Bukavu. Sumaku iliyofungwa kwenye spoku ilipita mbele ya kidude kilichokaa kwenye uma wa gurudumu, kidude kikahesabu, na kioo cha juu kikaonyesha mwendo na jumla ya kilomita zote. Waligombana juu yake kila mlima.

“Hii masini ni muongo,” Zéphirin alisema. “Tunapanda mara mbili, yenyewe inaandika mara moja!”

Magloire akaipiga baiskeli yake kofi. “Inahesabu kinga, ndugu yangu. Haihesabu wajinga wenye wanaisukuma.”

Kiangazi kilichopita Magloire alishikwa na tumbo, na haukupita muda akafariki. Matanga yalipokwisha, mjane wake, Véronique, alimwita Zéphirin akamtia compteur mkononi. “Chukua, shemeji. Ni weye unajua njia yake.” Zéphirin akaifunga kwenye baiskeli yake, na kilomita zake zikaanza kupanda juu ya zile za marehemu. Ndani ya namba ile ndefu, aliamini, mlikuwa na kila mlima waliowahi kuupanda pamoja. Ikifutika, Magloire atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa uzembe wa Zéphirin.

Ndipo mvua zikaja, na mvua za Maniema hazina mzaha. Matope yaliziba kile kidude cha kuhesabu. Mchanga mweusi, ule ambao wachimbaji wa Lusangi huuosha wakitafuta dhahabu, uliing'ang'ania sumaku mpaka ikaota ndevu. Zéphirin alijifunza kusimama kila avukapo kijito, ainyoe kwa kidole. Maji yakiingia kati ya kompyuta na kitako chake, kioo kilidai mwendo ni sifuri, hali yeye anatweta. Basi aliichomoa, akafuta vyuma viwili vidogo vilivyo chini yake kwa ncha ya shati, akairudisha. Yote hayo aliyafanya kwa mapenzi, na kwa matusi.

Siku moja, baada ya kupita Lusangi, dhoruba ilichana ule mfuko wa nailoni. Alipofika Kabambare, ukungu ulikuwa umetanda chini ya kioo na namba ilionekana kwa shida. Akaipeleka kwa Michel, fundi wa simu.

“Maji imefika ku pile, papa,” Michel alimwambia, akigusa kifuniko cha betri. “Tutoe pile, tukaushe mu ndani, itapona.”

“Na namba?”

“Namba itaenda. Ya namna hii, ukitoa pile, inaanza tena ku zéro. Lakini tukiiacha hivi, kutu itakula masini yote.”

“Wacha,” Zéphirin akasema, akaificha kifuani kana kwamba Michel alitaka kuitafuna.

Akafanya lile ambalo mtu wa Kasongo hulifanya kwa chuma chochote kinachoogopa maji. Panga hupakwa mawese, jembe hupakwa mawese, mnyororo wa baiskeli hupakwa mawese, na hakuna aliyewahi kujuta. Akaipaka compteur mbele na nyuma, hasa pale kwenye kifuniko cha betri, akaifunga kwa kitambaa na kurudi nayo nyumbani. Mke wake, Victorine, akaiweka kwenye kichanja cha juu ya moto, pale chumvi na mbegu za mahindi zinapokaa msimu wote wa mvua bila kuona unyevu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekwisha. Namba ilikuwa safi, yote, haikupungua hata kidogo. Zéphirin aliita majirani waje waone, akamcheka Michel ambaye hakuwapo kujitetea, kisha akairudisha kichanjani ili ikauke vizuri zaidi. Hapo ndipo alipopaswa kuacha. Uliwashwa moto wa kupikia, mawese yakayeyuka, yakaingia taratibu katika kila upenyo ulioingiza mvua. Jioni kioo kilikuwa chekundu na hapakuwa na namba. Hata sifuri haikuonekana. Zéphirin alibonyeza mpaka kidole kikauma.

Victorine hakumgombeza. “Enda umuambie Véronique weye mwenyewe,” alisema, “asisikie kwanza kwa watu.”

Alimkuta Véronique uani anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Akamnyooshea compteur kwa mikono miwili.

“Shemeji, nimemupoteza. Kilomita zake zote.”

Véronique aliitazama, akaigusa kwa kidole, akaona mawese. Kisha akacheka, akacheka mpaka akauachia mchi.

“Ile namba? Ile namba ilikuwa inakufa kila musimu ya mvua! Magloire alikuwa anatoa pile, anaanza tena ku zéro. Hakukuambia, sababu ulikuwa unaiheshimu sana.”

Zéphirin alikasirika kweli. Mtu mfupi yule! Kumwacha mwenzake anyeshewe, abembeleze sumaku, augombanishe moyo wake na mawingu, kwa namba ya msimu mmoja!

“Na haikumusumbua?” aliuliza.

“Nilimuuliza vilevile. Akasema: mambo ya njia, Zéphirin anayachunga yote.”

Zéphirin alimpenda sana mtu yule, na hakuwahi kumwambia. Véronique aliokota mchi, akatwanga kidogo, akaacha.

“Kwangu alikuwa anafika na usingizi tu, shemeji. Anakula, analala. Miaka yote ile sikujua mulikuwa munapita wapi.” Akamsogezea kigoda. “Nihadisie. Mulima mugumu wa kwanza, ukitoka hapa, iko wapi?”

Zéphirin akaketi. Akajifuta macho kwa mkono wenye mawese, akamsimulia mlima wa kwanza, kisha wa pili, na sombe iliiva kabla hawajafika Lusangi.