Matofali ya Kija Yalivyopanda Mlima

Lori lilimwaga matofali chini ya mlima, likageuza, likaondoka zake. Masalu akakaa juu ya jiwe akashika tama. Kiwanja chao kilikuwa kule juu, karibu na kilele, mahali ambapo gari halikuwahi kufika na wala halitafika, labda liote mabawa. Hata mbuzi wa mtaa ule walipanda kwa kupumzika.

Mkewe Kija alisimama mikono kiunoni. Hakutazama juu. Alitazama jiwe moja kubwa lililokuwa hatua chache tu kutoka pale walipokuwa.

"Baba Odeta, leo tunayapeleka pale."

"Pale wapi?"

"Pale kwenye lile jiwe lenye tumbo."

Masalu alicheka kicheko cha mtu aliyekata tamaa. "Tuyabebe mpaka hapo, tuyatue, halafu kesho tuyabebe tena? Hiyo ni akili gani, Mama Odeta?"

"Ni akili ya mtu mwenye magoti mabovu," Kija alisema, akakunja kanga, akatengeneza ngata, akajitwika.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya umma vilipokuwa vinauzwa kimoja baada ya kingine, na Mwanza nzima ilijaa wanaume waliopunguzwa kazi na wanawake waliojifunza biashara kwa lazima. Masalu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo alitaka nyumba za wafanyakazi zibomolewe apate nafasi ya maghala. Waliokuwa wakikaa humo waliambiwa wawe wametoka kabla ya masika. Majirani wengi walifunga virago wakarudi vijijini. Masalu naye alikwisha amua moyoni mwake kwamba watarudi Kisesa.

Kija alikuwa amezaliwa Kisesa na aliipenda. Hakukosa sherehe za ngoma za Bujora, palepale Kisesa, hata mwaka mmoja, na akifika huko husahau kabisa kwamba ana magoti. Lakini kwenda kucheza ngoma ni jambo moja, na kurudi na godoro kichwani huku kijiji kizima kimesimama njiani kinakupa pole ni jambo jingine. Alitaka kubaki mjini, ndani ya nyumba yake mwenyewe, yenye mlango wake mwenyewe. Tangu aolewe alikuwa amekaa kwenye nyumba za kiwanda, na alikuwa amechoka nazo. Kwa hiyo, wakati mumewe anahuzunika, yeye alikuwa kando ya viwanda vipya vya minofu ya sangara akipigania mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki, akiyakaanga na kuyauza barabarani. Kiwanja kilitokana na mapanki. Matofali yalichomwa na kaka yake huko Kisesa, akayaleta kwa lori la jamaa yake.

Tatizo la Masalu, Mungu ambariki, halikuwa uvivu. Tatizo lake ni kwamba alikuwa ameijenga nyumba yote kichwani: vyumba vinne, sebule, baraza la kutazama ziwa, na mahali pa gari ambalo hakuwa nalo. Na kwa kuwa hakuweza kuipata yote, hakutaka hata kidogo. Kija alipomwambia waanze na chumba kimoja, alijibu kwamba hilo litakuwa banda la kuku.

"Basi tutakuwa kuku wenye kwao," Kija alisema.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mapanki, na kila jioni jua likipungua ukali, Kija na binti yake Odeta walibeba matofali kutoka lundo la chini hadi kwenye jiwe lenye tumbo. Hawakugusa hatua iliyofuata mpaka lundo la chini likaisha kabisa. Lilipoisha, Kija alikaanga mapanki ya nyumbani, si ya kuuza, wakala wameketi juu ya matofali yao kama watu walio kwenye arusi. Kisha wakahamia sehemu ya pili, hadi kwenye jiwe lililokaa kama tembo aliyelala. Kisha hadi kwenye lile lenye ufa, ambako mijusi yenye vichwa vyekundu iliota jua na haikuwaogopa.

Masalu alisema huo ni ujinga. Siku tatu baadaye alikuwa anabeba. Alibeba akiwa amekunja uso, na Kija alikuwa na busara ya kutomshukuru kwa sauti.

Mwanamke mmoja Mhaya aliyekaa juu kidogo ya kiwanja chao, Mama Byabato, alizoea kuwatazama akiwa anaanika dagaa wake kwenye mwamba tambarare. "Jamani, mbona hamfiki?" aliwatania.

"Tumeshafika mara tatu!" Kija alimjibu kutoka chini. "Nikitazama huko kwako magoti yananiishia. Nikitazama jiwe la mbele naona nafika. Basi nafika."

Lakini sehemu ya mwisho ilikuwa ukuta hasa. Njia ilisimama wima, ukiteleza unashuka mpaka ulikotoka. Na siku hizo mawingu yalikwisha anza kujikusanya juu ya ziwa, meusi, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua. Fundi mwashi, Obedi, alisema wazi kwamba asipopata matofali juu wiki ile hatawahi kuezeka kabla ya mvua. Jioni hiyo Kija aliogopa kwelikweli. Alijiona tayari amekaa ndani ya basi la Kisesa, godoro likiwa juu ya paa.

Asubuhi alituma salamu kwa kaka yake Shimba, yule aliyechoma matofali. Huyu Shimba alikuwa kiongozi wa kundi la wakulima wanaolima kwa ngoma. Kwao shamba kubwa halimtishi mtu: ngoma inawekwa mbele kidogo, watu wanapanga mstari, wanalima kwa mdundo mpaka waifikie, kisha inasogezwa tena. Na kuna sheria moja tu, kwamba hakuna kusimama kabla ya kuifikia ngoma. Anayesimama hutungiwa wimbo, na wimbo huo humfuata mpaka kwenye mazishi yake.

Jumapili waliteremka kwenye lori, wanaume kwa wanawake, ngoma mabegani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Haya, mzigo uko wapi?"

Kija alibaki chini kuwatwika watu matofali. Masalu alitumwa juu pamoja na shemeji yake amwonyeshe pa kuweka ngoma. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani Shimba alikuwa na sikio la ngoma, si jicho la viwanja. Alipita kiwanjani bila kupatazama, akauona mwamba tambarare wa Mama Byabato, akaugonga kwa kisigino, akasikia unavyoitika. "Hapa!" akasema. Masalu alifungua kinywa amwambie kwamba wamepitiliza. Ngoma ikalia. Kinywa kikabaki wazi, mabega yakaanza kutikisika yenyewe, na kazi aliyotumwa ikamtoka kichwani.

Mstari ukapanda. Walipanda wakiimba, matofali vichwani, vumbi likitimka, watoto wa mtaa wakishangilia. Wakafika kiwanjani kwa Kija wakapita, kwa sababu ngoma ilikuwa bado iko mbele. Wakashuka kuchukua mengine, wakapita tena. Kija aliposhika tofali la mwisho na kupanda nalo mwenyewe, alikuta kiwanja chake cheupe, hakina hata tofali moja. Matofali yake yote yalikuwa kileleni, yamepangwa vizuri sana, katikati ya dagaa wa Mama Byabato.

Alitaka kulia. Alitaka pia kumpiga mtu, na aliyestahili alikuwa wazi. Alimtafuta Masalu kwa macho akamwona: amevua shati, ana tofali kichwani ambalo halikuwa na haja ya kuwapo tena, anacheza na Mama Byabato, anacheka. Kija hakuwa amesikia kicheko kile tangu kiwanda kiuzwe. Hasira ilimtoka hapohapo, akajikuta amekaa chini anacheka mpaka machozi.

"Kaka!" alipiga kelele. "Lete ngoma hapa kwangu!"

Shimba alitazama chini, akatazama matofali, akaelewa. Wala hakuomba radhi. Alibeba ngoma yake akashuka, akaiweka katikati ya kiwanja, akaanza upya. Kushuka ni rahisi. Kabla jua halijazama, matofali yalikuwa pale yanapotakiwa, na Mama Byabato amewapikia ndizi watu wote huku akiwatoza kila mmoja wimbo kwa ajili ya dagaa wake.

"Wabeja, wabeja sana," Kija aliwashukuru kwa Kisukuma mmoja mmoja, akiwashika mikono.

Obedi alijenga chumba kimoja. Upande wa mashariki aliacha ukuta na meno, matofali yakitokeza nje kusubiri wenzao, kwa maana Masalu mwenyewe ndiye aliyemwambia afanye hivyo: chumba cha pili mwakani, Mungu akipenda, na mengine yatafuata. Bati lilipigiliwa, mlango ukatiwa bawaba. Wakahama kwa miguu, na kitanda, masufuria, na godoro kichwani mwa Odeta, likipanda mlima.

Mvua iliwakuta wamekwisha ingia. Ilipiga bati kwa vishindo, na hakuna tone lililopenya. Kija alikuwa amepiga magoti anafungua masufuria aliposikia sauti ya Mama Byabato nje.

"Hodi hapa!"

Masalu na Odeta waligeuka wakamtazama Kija. Wote wawili walimwachia yeye ajibu. Kija aliinuka, akajifuta mikono, akafungua mlango wake. Mama Byabato alikuwa amesimama amejifunika gunia.

"Karibu!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko mvua. "Karibu ndani!"