Nyumba ya Mama Iliyoshuka Mlima Bila Gari

Jirani yetu Mama Asteria anaapa mpaka leo kwamba alipishana na nyumba ya mama yangu barabarani.

Nyumba inatembea. Gari la kuivuta hakuna.

"Na bibi mwenyewe yuko dirishani," anasema, "ananipungia mkono huku anacheka!"

Stori hiyo ilizunguka kijiji kizima kabla ya chakula cha mchana.

Sasa ngojeni niwaambie mimi niliyekuwepo.

Nyumba yetu ni ya bati, ina magurudumu mawili. Waliokuja kutafiti dhahabu upande wa Buzwagi walimwachia marehemu baba, aliyekuwa mlinzi wao. Mama analala humo.

Mwaka huu kiuno kikamkataa kabisa. Kukaa hawezi, ni kulala tu. Kliniki yake iko Kolandoto, na kila safari ya basi anarudi analia.

Nikawaza, si nihamishe nyumba yenyewe, mama akiwa kitandani kwake? Shangazi ana kiwanja kule, akasema leteni.

Kazi ikawa gari la kuvuta.

Eliya ana trekta. Nguvu ipo, ila linarusha, kiuno cha mama kisingefika.

Mabula ana pikapu nyeupe, taa kibao, inang'aa hatari.

"Kaka Mabula, itaiweza kweli?"

Akacheka. "Dada, hii imechomoa Fuso kwenye matope kule machimboni, watu wakapiga makofi. Kibanda cha bibi ndiyo kiishinde?"

Nikaulizia. Kweli, Fuso lilichomolewa. Nikaichagua pikapu.

Tulipofunga nyumba, nikaona mkia wa pikapu umekaa chini, pua imeinuka.

"Mbona imekaa hivi?"

"Ndivyo zinavyokaa zikivuta. Panda twende, usinitie mkosi!"

Mama akasema kutoka kitandani, "Polepole wanangu."

Mlima wa kutokea kijijini kwetu ni mfupi, ila umesimama. Tulipofika katikati, klachi ikanuka. Pikapu ikasimama.

Halafu ikaanza kurudi nyuma.

Mabula amekanyaga breki mpaka mwisho, matairi yanaburuzwa tu.

"Ruka! Weka jiwe!"

Nikaruka, nikaweka. Gurudumu la nyumba likagoma pale. Nikakimbilia jiwe la pili.

Nikasikia chuma kinalia nyuma yangu. Kugeuka, Mabula ameshuka, amechomoa pini inayoshika nyumba na gari.

"Mabula! Mama yumo ndani!"

"Na gari langu je?"

Lile jiwe likapasuka. Nyumba ikashuka kinyumenyume, mimi nimenyoosha mikono tu kama nazuia ng'ombe.

Mama asiyeweza kukaa, siku hiyo alijivuta mpaka dirishani. Hakuwa anacheka. Alikuwa anapiga kelele za kuomba msaada.

Nyumba ikapita kona, ikampita Mama Asteria, ikaingia shamba la pamba, matuta yakaishika.

Nilipofungua mlango, mama mzima. Hata mkwaruzo hana.

Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Mabula huyo, kapanda mlima kaondoka zake.

Kumbe balaa lilikuwa ni huo uzima wa mama. Kijijini wakaanza kusema ni mchawi.

"Hawezi kukaa, mbona alikaa dirishani?"

"Nyumba ianguke mlimani, yeye asichubuke? Yule si bure."

"Na yale macho mekundu?"

Macho ya mama ni ya moshi wa kupikia, miaka yote. Nani anasikiliza?

Nikasema ukweli wote. Wakanijibu, "Wewe mwanawe, utasemaje vingine?"

Wakampigia Mabula, simu ikawekwa sauti ya juu. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Hata mimi nilishangaa! Natazama kwenye kioo, nyumba haipo."

Anaogopa akikiri, nani tena atamkodi?

Sasa watoto hawamwamkii mama. Usiku wa juzi bati letu lilipigwa mawe. Mwenyekiti wa kijiji kasema, "Jumamosi kuna mkutano. Dereva akija akasema ukweli, yameisha. Asipokuja, binti yangu, hawa watu sitawaweza."

Kumhamisha siwezi. Hakuna tena anayekubali kuivuta hii nyumba, na basi linakataa kumbeba.

Wewe unayetafuta gari la kuvuta nyumba, usiulize limewahi kuvuta nini. Muulize mwenye gari, likishindwa atafanya nini.

Kaka Mabula, najua humu huwa unasoma. Sikudai kitu. Njoo Jumamosi useme tu kwamba ulichomoa wewe.

Utakuja?