Koti Nililoliua Doornfontein

Siku yangu ya kwanza kazini, ghorofa ya tatu pale Doornfontein, kusini mwa Afrika, sikupewa sindano wala cherehani. Nilipewa koti nikaambiwa nichomoe nyuzi za bandi, zile nyeupe za kushikiza tu kabla ya mshono wenyewe. Nilikasirika. Nilikuwa fundi kamili kutoka Tanga, nimeshona kanzu za maharusi, leo nachomoa nyuzi!

Msimamizi wetu, Mkongo wa Lubumbashi tuliyemwita Shefu, alikuwa na maneno yake. Aliyarithi kwa mwenye karakana, naye aliyapata kwa washonaji wazee wa Kiingereza. Sisi tukayatamka tulivyoweza. Vipande vinavyobaki baada ya kukata ni kebeji, yaani kabichi, na ni haki ya mkataji. Nguo iliyoharibika kiasi cha kutoponyeka ni kil: imeuawa. Kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani ya mishono, ili nguo iweze kuongezwa, ni inlei. Nyinyi mnaojifunza ushonaji kwenye simu hamtayakuta, na msidhani mmekosa kidogo.

Kutoka kwenye nyuzi nilipandishwa kwenye mifuko, mwaka mzima, halafu mikono. Mwishowe Shefu akanikabidhi koti zima. Lilikuwa la bwana harusi, mlinzi wa duka kule mjini, mtu wa Bukavu. Kitambaa alikileta mama yake ndani ya sanduku: marehemu mumewe alikinunua ajishonee, akafa kabla. Kingine cha aina ile hatukukipata mji mzima.

Basi nikaponzwa na ufundi wangu mwenyewe. Kwetu kanzu huwa safi ndani kama nje; mama mdogo aliyenifunza alikuwa akiigeuza na kuikagua, akikuta kitambaa kimezidi anakufumulisha yote. Nikalisafisha koti vivyo hivyo. Nilikata inlei zote, tena nikajisifu. Siku ya kupima likagoma kifuani, likapungua vidole viwili, na ndani hakuna cha kuachia. Kebeji yake haikutosha hata mfuko. Majuto ni mjukuu.

Nilimvuta Shefu pembeni. "Shefu, tumwambie amenenepa. Na kweli amenenepa."

"Mama Zuhura, kunenepa haiko kosa. Inlei iko ya nani?"

"Ya mwenye koti."

"Basi. Ni weye uliua, ni weye utaenda kuambia mama yake. Eish, na usipeleke maneno mingi."

Nikapanda teksi hadi kwao, mtaa wa La Rochelle, koti mapajani, nikiogopa njia nzima. Mama wa bwana harusi alinikaribisha, akanipa kiti. Nikasema moja kwa moja: "Mama, koti nimeliharibu mimi. Nilikata kitambaa nisichopaswa kukata. Halitamwenea mwanao, na siwezi kulitengeneza."

Alilitandaza mapajani, akapapasa mabega ya koti kwa muda mrefu, kisha akalinyanyua mbele ya macho yake.

"Baba yake alikuwa mwembamba," akasema. "Hii ingemuenea yeye."

Nililia mbele yake. Yeye hakulia. Aliniomba nimalizie vifungo, basi.

Nilifanya kazi karakana ile mpaka macho yakakataa kutunga uzi, na miaka ya mwisho nilishika nafasi ya Shefu. Mafundi wapya niliwachomolesha nyuzi, wakanuna kama nilivyonuna. Sasa nimestaafu, na mafundi vijana hupenda kuniuliza koti langu bora ni lipi. Mazuri yalikuwa mengi, na mengi nimeyasahau. Lile silisahau. Bwana harusi alioa kwa koti la kuazima. Mama yake alikaa mstari wa mbele kanisani, na kiti cha kando yake hakikukaliwa na mtu. Kilivikwa koti nililoliua, vifungo vyote vimefungwa.