Siku Bonde Zima Lilipomwita Mkaguzi

Ukitaka kumjua mzee Tarumbeta usianze na ng'ombe wake, anza na koo lake. Mungu alimnyima urefu, akamnyima nywele mapema, halafu akamfidia yote kwenye sauti. Jioni alisimama mlangoni pa zizi, akaweka viganja mdomoni, akapasua: "Hoooya! Nyumbaaani!" Basi. Ng'ombe walioko ng'ambo ya mto, ambao hata huwaoni kwa macho, wananyanyua vichwa na kufuatana kurudi. Mbele yao ni Mkaguzi, jike jekundu aliyepewa jina hilo kwa sababu hapiti mahali bila kunusa kwanza. Wafugaji wengine walihangaika na fimbo kutwa; yeye alihangaika na mdomo tu.

Alianza na mtamba mmoja mwembamba, mbavu nje, aliyepewa kama ujira baada ya kuchunga mifugo ya watu ujana wake wote. Watu walimcheka wakachoka. Mtamba akazaa, wanawe wakazaa, na yule kijana wa kulala kibandani akajikuta na ranchi, mke mwenye ulimi mkali, na meza iliyojaa watoto wanaogombea maziwa. Angeweza kujifungia na mali yake, kama wengine ninaowajua na sitaki kuwasema. Hakuwa na hulka hiyo. Alipojenga josho, aliwaambia majirani walete na wao mifugo yao iogeshwe, kupe hawachagui ng'ombe wa nani. Mjane akibaki na ng'ombe wawili asijue pa kuwapeleka, Tarumbeta aliwachanganya na wake wakachungwa pamoja. Wanafunzi walikunywa maziwa yake. Na moto ukizuka, au mtoto akipotea, ni yeye aliyepanda juu ya kichuguu na kuliita bonde zima. Hakuna aliyewahi kujitetea kwamba hakusikia.

Uzeeni koo lake likaota uvimbe. Daktari wa upasuaji aliutoa salama, akamwambia ashukuru yu mzima, ila kupiga kelele ndiyo basi tena. Kilichobaki ni mkwaruzo mdogo, kama bawaba ya kabati kuukuu. Ilimuuma, ilimuuma sana, na asiyeona hivyo hakumjua. Binti yake kitinda mimba, ambaye sasa ndiye aliyeendesha ranchi, alijaribu kuwaita ng'ombe kwa filimbi. Walimtazama, wakaendelea kutafuna. Ikabidi mchungaji awe anavuka mto na kuwafuata, na mambo yakaenda hivyo.

Mpaka ilipokuja mvua ile. Mchungaji alikuwa amevuka kurudi nyumbani mara moja tu kuchukua chumvi ya mifugo. Kugeuka, mto umekuja! Maji yalikuwa mekundu na yanabeba magogo. Ng'ombe wote, wa ranchi na wa wajane, walikuwa ng'ambo, wamebanana kwenye mwinuko ambao ulikuwa unapungua huku watu wanautazama. Ng'ombe anajua kuogelea, na pale kivukoni, kwa upana wake, mkondo haukuwa mkali bado. Lakini walikuwa wameingiwa na hofu, hakuna aliyekubali kutia mguu majini. Bado kidogo tu na kivuko kingekuwa hakipitiki kabisa.

Bonde zima lilikuwa limejazana ukingoni. Mchungaji alitaka kujitosa, wakamshika mkanda wa suruali. Tarumbeta akafika anahema, akaweka viganja mdomoni kwa mazoea, akavuta pumzi. Kikatoka kikohozi. Akarudia, mishipa ya shingo imemsimama, macho yamemtoka pima, mpaka mkewe akamshusha mikono.

"Acha, baba watoto, utafumua mshono."

"Wale ni wa watu," alikwaruza. "Wangekuwa wangu peke yangu, sawa. Wale ni wa watu!"

Binti yake akageuka ghafla. "Fundi cherehani yuko wapi?"

Fundi cherehani, jirani yao mnene mwenye maneno mengi, alijaribu kujificha nyuma ya mwalimu mkuu, ambaye ni mwembamba.

"Fundi, muige baba."

"Mimi? Nimuige mzee? Sijawahi!" Akamgeukia Tarumbeta. "Shikamoo mzee wangu. Hawa wanataka kutugombanisha."

Kumbe bonde zima lilijua, isipokuwa mwenyewe: hapakuwa na harusi ambayo fundi hakuombwa amwigize mzee, watu wakavunjika mbavu.

"Fundi, ng'ombe wanakufa!"

Fundi akafumba macho, akatunisha kifua. "Hoooya! Nyumbaaani!"

Jamani! Ilikuwa yenyewe, hata ule mkwamo mdogo wa katikati. Ng'ambo, Mkaguzi alinyanyua kichwa. Akapiga hatua, akasimama. Mngurumo wa mto ulikuwa unaimeza sauti ya mtu mmoja.

"Haitoshi!" binti akapiga kelele. "Saidieni! Msijifanye watakatifu, nyote mnamwigiza!"

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaita. Akafuata mwenye duka. Wakafuata wajane, tena kwa ustadi wa kushangaza, na wanafunzi, ambao inaonekana huo ndio mchezo wao wa mapumziko. "Hoooya! Nyumbaaani!" Sauti nene, sauti nyembamba, zote za Tarumbeta, zilivuka mto kwa pamoja mpaka ardhi ikatetemeka.

Mkaguzi akanusa maji, hata siku ile alinusa, akajitosa. Wenzake wakamfuata, pua juu, pembe zikikata mawimbi. Hakuna aliyethubutu kunyamaza. Mtamba mmoja alisombwa pembeni, wajane wakashika vichwa huku wanaita, akagusa ardhi chini kidogo ya kivuko na kupanda akijikung'uta. Mkaguzi akapanda. Wakapanda wote, wote!

Watu wakakumbatiana wakiwa wameloa chapachapa. Tarumbeta alikuwa ameketi kwenye tope, mdomo wazi. Maisha yake yote aliita, lakini hakuwahi kukaa mahali akasikia anavyoita. Machozi yalimtiririka na hakuyaficha. Akamvuta mkewe nguo.

"Mama watoto. Nilikuwa napiga kelele hivi? Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi?" mkewe akasema, akimfuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa unanyamaza?"

Fundi cherehani akasogea kwa adabu, amevua kofia, sauti imemkauka. "Utusamehe, mzee. Ng'ombe wamefika. Tunyamaze sasa?"

Tarumbeta akatikisa kichwa, hapana.

"Iteni tena," akakwaruza. "Tena kidogo."