Betri ya baba mkubwa

Chaja aliyotuletea baba mkubwa imeungua leo, na ile harufu ya waya imenirudisha gereji kule mtaa wa Jacobs, kwenye pikipiki nzito ya Kisovieti ya papa, baba yangu. Kiti cha pembeni, kile cha kigari kilichofungwa ubavuni, kilikuwa changu. Papa alikuwa amebadilisha nyaya zote, na mfumo wa umeme ulikuwa wa volti sita. Baba mkubwa akaja na betri ya gari, volti kumi na mbili.

“Eish, mdogo wangu, hii ndiyo iko na nguvu!”

Papa akasogea, akampisha. Kwetu kaka mkubwa hakosolewi. Baba mkubwa akaiunga mwenyewe, nyaya zikayeyuka, moshi ukatoka mpaka chini ya kiti changu.

Papa akasema, “Aksanti, kaka.”

Pikipiki haikuwaka tena. Sasa papa ananiita sebuleni, nikamshukuru baba mkubwa kwa chaja. Siendi.