Ermelinda Aliyeongoza Bendi ya Tiatr

Marehemu Ermelinda Barreto, Mungu amweke pema, alipiga kinanda cha kanisa miaka kumi na tisa kabla hajakalia kiti cha bendi ya tiatr, ile michezo ya jukwaani yenye nyimbo. Alikuwa na miaka arobaini na moja, hajaolewa, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau. Wanakwaya walimjua: akikunja uso, basi sauti ya kwanza imepotea njia.

Aliyemtoa kanisani ni Mestre Ludovico, mwalimu wa muziki wa parokia, ambaye ndiye aliyemfundisha nota tangu akiwa mtoto. Huyo Mestre alikuwa ameongoza bendi ya kikundi cha tiatr cha Agostinho tangu ujana wake. Siku moja baada ya misa alimshika Ermelinda mkono kwenye ngazi za kanisa.

"Masikio yananiaga, binti," akasema. "Nimetafuta mtu wa kumwachia kiti, nikaona ni wewe."

"Mimi? Mwanamke akae mbele ya tarumbeta na ngoma, watu wanamtazama?"

"Si kanisani wanakutazama?"

"Kanisani wamefumba macho, Mestre."

"Wamesinzia," akajibu mzee. "Kwenye tiatr hawasinzii. Hiyo ndiyo tofauti."

Ermelinda akaenda. Ikawa kama kuanza shule upya. Kwenye tiatr waigizaji husema na kuchekesha, kisha pazia hufungwa, na wakati mandhari yanabadilishwa nyuma, mwimbaji hutoka mbele ya pazia kuimba. Bendi hukaa chini yake, mbele ya jukwaa. Mwimbaji haji na karatasi. Wimbo uko kichwani mwake. Kiongozi wa bendi ndiye anayekaa naye, anamsikiliza, anauandika, anawagawia wapigaji.

Wiki ya kwanza Ermelinda aliaibika. Mwimbaji alirudia kiitikio mara ya tatu, naye akanyanyua mikono kwenye kinanda.

"Mbona umeacha?" Mestre akauliza.

"Karatasi imeisha."

"Karatasi imeisha, mtu hajaisha! Angalia kifua chake, siyo wino. Akivuta pumzi, vuta na wewe."

Jambo la pili alilofundishwa lilikuwa la vidole. Kabla ya wimbo, kiongozi huwaonyesha wapigaji ufunguo, yaani urefu wa sauti watakaoupiga. Kidole kimoja juu ni sol. Vitatu chini ni mi bemol, ambayo iko chini sana ya sol. Mestre alisisitiza kwamba ufunguo hautamkwi kwa mdomo, hata siku moja. Ermelinda alidhani ni desturi tu, kama kuvaa viatu vyeusi.

Katika kikundi kile nyota alikuwa Romaldo, mzee wa miaka sitini na sita, mfupi, mwenye kofia ya majani asiyoivua hata mezani. Watu walitoka hata mjini Margao kuja kumsikiliza. Nota hakuzijua, lakini jambo moja alilijua na alilisema kila alipopata kikombe cha feni, pombe ya mabibo, mkononi: "Vijana wanaimba puani. Mimi bado naimba katika sol, kama siku niliyooa. Waulizeni bendi!"

Bendi iliinamisha vichwa.

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika sikukuu ya parokia, onyesho la kwanza ambalo Ermelinda angeongoza peke yake. Walikuwa kwenye mazoezi. Ulipofika wimbo mkubwa wa Romaldo, ule wa mama anayesubiri barua ya mwanawe baharia, Ermelinda akaonyesha vidole vitatu chini, kama karatasi ya Mestre ilivyoandikwa. Mpiga saksafoni alikuwa ameacha miwani nyumbani.

"Vingapi hivyo, dada? Viwili?"

Na yeye, kwa mazoea ya kuwapigia kelele wanakwaya, akajibu kwa sauti ya kufika mlangoni: "Mi bemol!"

Salu, mpiga tarumbeta, akafumba macho kama mtu anayesubiri sahani ianguke.

Romaldo akasogea ukingoni mwa jukwaa. "Umesema nini?"

Salu akanong'ona, "Sema umekosea. Sema ni wimbo mwingine."

Ermelinda akazitazama karatasi za Mestre. Sasa ndipo alipoelewa. Wimbo ule ule ulikuwa na karatasi nne, kila moja na mwaka wake: ya zamani katika sol, inayofuata chini kidogo, ya tatu chini zaidi, ya mwisho mi bemol. Mestre alikuwa amemshusha Romaldo ngazi kwa ngazi, kimya kimya, miaka yote ile. Angeweza kudanganya, na shughuli ingeendelea. Lakini alikuwa amepokea komunyo asubuhi ile, na uongo haukumtoka.

"Wimbo huu tunaupiga katika mi bemol, mjomba."

"Tangu lini?"

"Karatasi inasema tangu mwaka wa themanini na moja."

Romaldo hakutukana. Alivuta kofia ikafika kwenye nyusi, akashuka ngazi za jukwaa moja moja, akatoka.

Agostinho, mwenye kikundi, alishika kiuno. "Bila Romaldo sina onyesho. Asiporudi kufikia Jumamosi, Mestre atarudi kwenye kiti na uziwi wake, na wewe, dada, utarudi kwa watakatifu wako."

Mestre naye alipoambiwa alikasirika mpaka ndevu zikatetemeka. "Miaka yote nimejenga, umebomoa kwa neno moja! Si nilikwambia vidole?"

"Hukuniambia kwa nini."

"Ningekwambia, ungekwenda kuungama!"

"Ningekwenda, ndiyo," akasema Ermelinda.

Kesho yake mchana Ermelinda akaenda nyumbani kwa Romaldo. Njiani alisali rozari, na kwenye fumbo la nne akagundua kwamba hamwombei Romaldo, anaombea kiti. Alikuwa amekipenda kiti kile kuliko alivyowahi kukiri, hata kwa padri.

Uani alimkuta mke wa Romaldo, Aninha, akipika dodol ya sikukuu kwenye sufuria la shaba: tui la nazi, sukari guru na unga, vitu ambavyo ukiacha kuvikoroga hata dakika vinashika chini.

"Umekuja wakati mzuri," Aninha akasema. "Mikono imekufa. Shika mwiko." Kisha akageukia barazani. "We mzee! Kiongozi wako amekuja!"

"Mwambie nimekufa."

"Amekufa," akasema Aninha. "Lakini chakula cha mchana alikula."

Romaldo akatoka, akakaa juu ya jiwe la kufulia. Ermelinda alikoroga bila kumtazama.

"Nisamehe, mjomba. Si kwa kusema. Kwa kusema mbele za watu."

"Nataka sol," Romaldo akasema. "Nipe sol yangu, nitarudi."

"Sawa. Imba sasa hivi."

Ermelinda akatoa mfukoni kipenga kidogo cha kutafutia sauti, akapuliza sol. Romaldo akasimama, akavuta pumzi, akaanza. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda kwa shida. Palipopanda, pale mama anapoita jina la mwanawe, sauti ikatoka nyembamba, ikakatika.

"Mama Maria!" Aninha akaita. "Nani anachinja jogoo?"

Romaldo akamtumbulia macho mkewe. Mabega yakaanza kutikisika, na Ermelinda alidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa tena juu ya jiwe, akajifuta uso kwa kofia. Kipara chake kilikuwa cheupe kama cha mtoto.

"Puliza hiyo nyingine," akasema baadaye, polepole.

Ermelinda akapuliza mi bemol. Romaldo aliimba akiwa amekaa. Hakuwa na haja ya kupiga kelele, na kwa kuwa hakupiga kelele, maneno yalisikika yote: mama anapanga foleni posta, karani anatikisa kichwa, mama anasema hapana neno, kesho. Aninha alisimama katikati ya ua na mikono kifuani.

"Romaldo," akasema, "hapo pa karani sijawahi kupasikia."

"Umepasikia mara elfu."

"Nimesikia kelele mara elfu. Nilikuwa najua ni wimbo wa huzuni kwa sababu ulikuwa unakunja uso."

Ermelinda alikuwa amesahau mwiko. Dodol ilishika chini kidogo, na Aninha hakumgombeza.

"Kuanzia leo," Romaldo akamwambia, "la kuniambia uniambie usoni. Na huko ninakokwenda na wimbo, unifuate."

"Nitakufuata, mjomba."

Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa mpaka kwenye ukuta wa makaburi. Kikundi kikasali nyuma ya jukwaa, kengele ikalia mara tatu. Romaldo alipomaliza wimbo wa mama, watu wakapiga makofi na kuita, "Tena! Tena!" Akafungua kinywa na kuanza ubeti usioandikwa popote: bendi imenidanganya miaka mingi, ikanishusha kama ndoo kisimani, na kumbe maji yako huku chini.

Watu waliangua kicheko. Ermelinda hakuwa na karatasi ya ubeti ule. Alitazama kifua cha mzee, akavuta pumzi naye, na Salu akamfuata. Kwenye kiti cha mbele Mestre Ludovico alimgusa jirani yake: "Anasema nini? Mbona mnanitazama?"

Ermelinda alikaa kwenye kiti kile miaka ishirini na miwili. Kila mwimbaji aliambiwa ukweli usoni, faraghani. Wengine walinuna wiki nzima. Walirudi.

Juma la mwisho la maisha yake, alipokuwa hawezi tena kuinuka, mjukuu wa Romaldo alikuja kumwimbia wimbo wa Bikira Maria kando ya kitanda. Akauanza juu, kwa heshima ya mgonjwa. Ermelinda alimsikiliza mistari miwili, akainua mkono.

"Anza chini kidogo, mwanangu," akasema. "Nataka kusikia maneno."